MALI YA UMMA ISIUZWE GIZANI

Wenzetu wengine hapa Natta husema kwamba habari za mashirika ya umma kupewa matajiri ni habari za watu wa Dar es Salaam. Ati sisi kazi yetu ni pamba na mahindi. Tunawauliza: deni la Serikali hulipwa na nani?

Yafaa tukumbuke maji ya Dar es Salaam. Mwaka 2003 kazi ya kuyasambaza ilipewa kampuni ya City Water, iliyokuwa na Waingereza wa Biwater, Wajerumani wa Gauff na wenzao wa hapa nchini. Mkataba ulikuwa wa miaka 10. Fedha za kutengeneza mabomba zilikopwa na Serikali kwa Benki ya Dunia na benki nyingine, yaani zilikopwa kwa jina la kila Mtanzania, pamoja na mkulima wa Natta ambaye bomba lile hajaliona hata ndotoni.

Kampuni ikashindwa kukusanya fedha kama ilivyotazamiwa, na kodi yake kwa DAWASA haikuilipa yote. Mwezi Mei 2005 Serikali ikauvunja mkataba. Je, yaliishia hapo? Kesi iliendelea ng'ambo mpaka 2008! Kweli baraza la ICSID halikutuamuru kulipa fidia, lakini mawakili wa Ulaya hawafanyi kazi kwa sadaka.

Hatusemi kwamba mashirika ya umma yalikuwa malaika. Yako yaliyoliwa na wakubwa wake mpaka yakabaki makapi, na wananchi tulinyamaza. Lakini mkataba ule uliandikwa kwa lugha ambayo wengi wa wenye mali hawaisomi. Tangu lini mtu akauziwa ng'ombe wake bila kuulizwa bei?

Sasa tuje kwetu. Tangu 2019 maji ya vijijini yamo chini ya RUWASA, na huendeshwa na vyombo vya watumiaji wenyewe. Kesho akija bwana na mkoba wake akitaka kukabidhiwa kisima chetu, mwenyekiti asitie sahihi mpaka mkataba usomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno, mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji: bei ya ndoo, miaka mingapi, nani atanunua mashine ikifa, na tutamwondoaje akishindwa. Akijibu kwamba hayo ni siri ya biashara, basi afunge mkoba. Magari ya Mugumu yapo.