Altezza yangu, bolijointi na ubahili wetu

Leo siasa naziweka pembeni, nina jambo la gari. Na wale msio na gari naomba msiondoke, maana ninyi ndio mnaotembea kando ya barabara ambako haya magari yetu yanapita.

Wanaonifahamu wanajua nina Altezza, niliyouziwa na binamu yangu aliyekuwa amechoka nayo. Sasa hivi ni gari la zamani. Toyota walianza kuiuza Japan mwaka 1998 wakaacha mwaka 2005, na Ulaya na Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Ilipotoka ilipata tuzo ya gari la mwaka kule kwao. Yangu ni RS200, silinda nne, gia sita za mkono, nguvu za farasi 210 toka kiwandani (nadhani farasi kadhaa wameshakufa).

Miezi michache iliyopita ikaanza kugonga mbele kushoto. Kila tuta, ngo! Mimi nikaongeza sauti ya redio.

Mwisho nikaipeleka gereji bubu moja njia ya Ulongoni, chini ya mwarobaini, hakuna kibao wala risiti. Fundi ni mtu mzima, haongei sana. Hakuweka jeki chini ya bodi kama nilivyozoea kuona, aliiweka chini ya mkono wa chini wa saspensheni. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia springi imekaa juu ya mkono huo, kwa hiyo jeki ikiubeba, bolijointi inapumzika mzigo na ulegevu wake unaonekana. Akachukua nondo, akainua tairi kidogo. Hata mimi nisiyejua kitu niliona inavyocheza.

Kwa wasioijua, bolijointi ni kile kiungo chenye kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, kama nyonga ya binadamu. Kinaunga mkono wa saspensheni na chuma kinachobeba gurudumu. Kwenye gari kama hili ile ya chini ndiyo inabeba uzito wa kona nzima. Ikichomoka, gurudumu linalala.

"Hii imekwisha, na ya kulia inaifuata," akasema. "Nunua zote mbili, mpya. Chukua 555 ya Japan, ila angalia vizuri, na zenyewe zinaghushiwa." Bei ya pea ilikuwa laki na sitini.

Nikamwambia, fundi, we ifanye tu itembee, mwisho wa mwezi tutaangalia. Akafuta mikono. "Mdogo wangu, hiyo siifanyi."

Jamani, nilikasirika! Nikaona huyu mzee anajifanya wa kiwandani. Nikaenda kwa mwingine, kijana wa umri wangu. Naye alisita, nilimwona kabisa. Nikatoa elfu 20 nikazishika mkononi. Akakibana kikombe kwa nyundo, akachomelea pembeni. Ile ngo ngo ikaisha, nikarudi nyumbani najiona mjanja.

Iliisha siku 19.

Jioni natoka kazini, nimeshaacha lami, naenda polepole kwenye vumbi. Shimo dogo tu. Kikapiga kishindo, usukani ukanitoka mikononi, pua ya gari ikakaa chini na gurudumu limelala ubavu. Hatua mbili tatu kutoka pale palikuwa na mama anakaanga mihogo. Akasogeza karai lake, akanitazama, hakusema kitu. Afadhali angenitukana. Dakika chache kabla nilikuwa barabara kubwa pale Mzambarauni, spidi 70, bodaboda kulia na kushoto.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Gari likiua mtu, sisi waandishi tunaandika "chanzo ni ubovu wa gari" tunaweka nukta. Nimeiandika sentensi hiyo mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Sijawahi kuuliza nani aliambiwa spea imekwisha akasema ifanye itembee. Na kijiweni tunamaliza kirahisi zaidi, eti mafundi wa mitaani wababaishaji, gereji bubu ziondolewe.

Kuchomelea bolijointi ni upuuzi, na yule kijana alijua. Ndani ya nyingi kuna bitana ya plastiki, moto unaiyeyusha. Grisi inaungua, mpira wa kuzuia vumbi unaungua, na chuma kilichokomazwa kiwandani kinapoteza ukomavu wake. Alijua, ila mimi ndiye niliyeshika elfu 20. Yule mzee chini ya mwarobaini, asiye na cheti ukutani (ukuta wenyewe hana), ndiye aliyekataa hela. VETA wana utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini, na watu kama yeye wanastahili. Lakini cheti hakitamsaidia kama wateja ni mimi. Alitumia nusu saa kunionyesha ukweli, na kwa sababu sikuupenda sikumlipa hata soda. Mtaani kwetu fundi analipwa kwa kusema ndiyo tu.

Mtasema mishahara ni midogo. Ni kweli, ni midogo. Ila mwezi mmoja kabla ya hayo yote nilikuwa nimenunua rimu za inchi 17 kwa laki nne. Hela ya kung'aa nilikuwa nayo.

Nilirudi kwa mzee gari likiwa limebebwa. Hakunicheka. Akafunga bolijointi mpya pande zote mbili, akabadilisha na bushi za mikono ya chini. Bolti za bushi hakuzikaza mpaka gari liliposhuka chini na kukaa kwenye uzito wake, kwa sababu ukizikaza likiwa juu mpira unabaki umejipinda na kuchanika mapema. Kisha akanifukuza niende alaimenti kabla sijakanyaga mafuta. Ufundi elfu 40. Nikaongeza elfu 10 ya ile nusu saa, akauliza ni ya nini, nikaona aibu kumweleza.

Jumamosi narudi tena kwake. Shokapu za nyuma zimeanza kuvuja, ameshaniambia ni laki tatu na sijabishana. Rimu zinauzwa, mwenye kuzitaka anicheki.