Uvira: kwa nini mashini za wazamiaji zinachelewa kufika ziwani

Kila mara boti inapozama kwenye Ziwa Tanganyika, swali moja linarudi, kuanzia Kalundu mpaka kule juu Bijombo: wazamiaji wako wapi? Familia haiombe mambo makubwa. Inataka mwili wa mutu wake, ili matanga yafanyike na kaburi lijulikane. Mara nyingi jibu ni kwamba wataalamu wangekuja, lakini vyombo vyao havijafika. Wakaaji wengi wanaona hiyo ni sababu ya kukwepa. Wanauliza: kama ndege inafika Minembwe, kwa nini hawa watu na mashini zao hawafike?

Sababu ipo. Inaanzia kwenye kilo, inapita kwenye sheria za ndege, na inaishia kwenye uamuzi ambao viongozi wa kando ya ziwa hawajauchukua.

Kilo zinazokataa

Tuchukue wazamiaji wawili, maana mzamiaji hashuke peke yake. Mtungi mmoja wa hewa, ule wa kawaida wa aluminiamu, una uzito wa karibu kilo 14 hata ukiwa mutupu. Mitungi minne ni kilo 56. Nguo za mpira, viatu vya kuogelea, koti la kupanda na kushuka, na mpira wa kupumulia vinafika kilo 15 kwa kila mutu. Kamera ya ndani ya maji na taa zake, pamoja na sanduku gumu, vinaweza kufika kilo 20. Bado mashini ya kujazia hewa: hata ile ndogo ya kubebwa inakaribia kilo 40. Jumla inapita kilo 140, na hatujahesabu chakula wala hema.

Mutu anayetoka Ulaya au Afrika Kusini kwa ndege kubwa anaruhusiwa kwa kawaida kilo 23 kwa begi, na anaweza kulipia begi la pili na la tatu. Shida inamkuta akishashuka, pale anapoingia ndege ya ndani ya inchi. Tanzania wanalijua jambo hili vizuri, maana watalii wengi wanaenda kuzamia Mafia na Pemba: ndege ndogo za huko zinaruhusu kilo 15, tena katika mifuko laini, kwa sababu sanduku gumu haliingie chini ya tumbo la ndege. Ndege za misaada zinazobeba wafanyakazi wa mashirika nazo kwa kawaida haziruhusu zaidi ya kilo 20. Wazamiaji wetu wawili wana ruhusa ya kilo 30 au 40, na wameshika 140.

Kulipia kilo za ziada si dawa kila mara. Ndege yenye injini moja, kama zile zinazotua kwenye viwanja vya udongo, inabeba uzito wenye mpaka tu, watu, mizigo na mafuta vikiwa pamoja. Na kadiri uwanja unavyokuwa juu mlimani, hewa inakuwa nyepesi na ndege inashindwa kuinua uzito uleule ilioinua kule chini. Ndiyo maana abiria wa nyanda za juu anapandishwa kwenye mizani pamoja na begi lake. Rubani anayekataa sanduku analinda maisha ya waliomo ndani.

Mtungi mutupu na betri

Sheria ya pili haihusu uzito. Mtungi uliojaa hewa ya kubanwa ni kitu cha hatari ndani ya ndege. Unapita tu ukiwa mutupu, na wakaguzi waweze kuona kwamba ni mutupu. Maana yake ni kwamba mtungi unaofika Uvira bila mashini ya kuujaza ni chuma tu.

Betri za kamera na taa zina sheria yake pia. Betri za akiba za lithiamu haziwekwe kwenye mizigo ya chini. Mwenyewe anazishika mkononi, ndani ya ndege. Zenye nguvu isiyozidi wati-saa 100 zinapita bila shida. Kati ya 100 na 160 lazima kampuni ya ndege ikubali, na akiba isizidi mbili. Zaidi ya 160 abiria haruhusiwe kabisa. Zitafute njia ya shehena. Taa kali za kuzamia lazima zitenganishwe na betri zake, kwa sababu ikijiwasha ndani ya sanduku inaweza kuanzisha moto.

Kisha kuna macho ya barabarani. Kwetu mgeni anakutana na DGM kwa pasipoti, DGDA kwa mizigo, na vizuizi vingi baada ya hapo. Katika eneo la vita, mitungi, nyaya na kamera inayoongozwa kwa rimoti vinaonekana kama vitu vya kijeshi. Hata lugha inaleta mashaka: uzito ambao mzamiaji anafunga kiunoni ni madini ya risasi, na kwenye kizuizi hakuna mutu anayetaka kusikia neno hilo. Orodha ya vyombo iliyopigwa muhuri, na karatasi ya misioni inayoeleza kazi, vinaokoa siku nyingi.

Majirani walipata nini

Mei 1996, meli MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu, Tanzania ilihitaji msaada wa wazamiaji kutoka Afrika Kusini kuopoa miili. Kenya, Septemba 2019, gari lililoteleza kutoka kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, lilikaa chini, mita 58, siku 13 kabla ya kutolewa na watu wawili waliokuwemo. Hiyo ni Mombasa, penye bandari kubwa, jeshi la majini na uwanja wa ndege wa kimataifa. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi na mitumbwi yao ndio waliofika kwanza. Watu 19 walikufa.

Na sisi wenyewe tunakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, boti kutoka Minova ilipozama mbele ya bandari ya Kituku, Goma. Gavana wa Kivu Kusini alitaja watu 278 waliokuwemo na 78 waliokufa. Wakati ule uwanja wa Goma ulikuwa unafanya kazi. Tangu Januari 2025 Goma, na tangu Februari Kavumu, abiria wa kawaida hana ndege. Kwa Uvira, njia zinazobaki ni kupitia Bujumbura, mpaka wa Kavimvira ukiwa wazi, au kupitia Kigoma na maji.

Ziwa lenyewe na mlima wake

Tusidanganyane pia: hata vyombo vikifika vyote, ziwa hili lina mipaka yake. Kina chake kinafika mita 1,470, na ukanda wa Uvira unateremka haraka. Mzamiaji wa kawaida anaishia mita 40. Zaidi ya hapo ni kazi ya kamera inayoshushwa kwa waya. Upande wa kaskazini, kuanzia mita kama 100 kwenda chini, maji hayana hewa ya oksijeni.

Kuna hatari nyingine ambayo wenyeji wa nyanda za juu wanapaswa kuielewa. Mutu aliyezamia anabaki na gesi ya nitrojeni ndani ya damu. Akipanda juu mapema, gesi ile inatoka kama povu la soda na inaweza kumlemaza. Wataalamu wanashauri kungoja saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na 18 baada ya kuzamia mara nyingi, kabla ya kupanda ndege, ambamo hewa ya ndani inaweza kuwa kama ya mlima wa mita 2,400. Uvira iko karibu mita 780. Bijombo iko juu ya mita 2,000. Kijana anayezamia Kalundu asubuhi na kupanda Bijombo jioni ile, kwa mwili wake ni sawa na aliyepanda ndege.

Kinachoweza kufanywa

Vitu vizito vya ziwa hili havijawahi kuja kwa urahisi. Meli Liemba ya Kigoma ilitoka Ujerumani ikiwa vipande, katika masanduku yanayokadiriwa kuwa 5,000. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza waliiinua 1924. Somo ni moja: kilicho kizito kije mara moja kwa meli au gari, kisha kibaki ziwani. Mashini mbili za kujazia hewa na mitungi 20, zikiwekwa Uvira na Kalemie, zingemfanya mgeni aje na begi la kilo 15 tu: mpira wake wa kupumulia, kamera yake, betri zake mkononi. Uvira ina Kituo cha Utafiti wa Viumbe vya Majini, CRH, na vijana wanaolijua ziwa tangu utoto. Kinachokosekana ni mafunzo, mutu wa kutunza mashini, na bajeti ya jimbo inayosema hivyo kwa maandishi.

Upande wa mpaka, inchi nne za ziwa zilitia sahihi mkataba wa pamoja tarehe 12 Juni 2003, na ofisi yake iko Bujumbura. Mkataba ule unahusu ulinzi wa ziwa. Lakini meza hiyohiyo inaweza kukubaliana kwamba ajali ikitokea, vyombo vya uokoaji vipite Kavimvira bila kungoja wiki.

Na kabla ya mzamiaji kuna jile. Jile la kuokolea halipite kilo moja, halihitaji ndege, na linafanya kazi mutu akiwa bado hai. Abiria anayeshuka kutoka Bijombo kwenda kupanda boti ya Baraka ana haki ya kuuliza, kabla ya kulipa: jile langu liko wapi?