Yuko Wapi Foulata?

Siku hizi imezuka desturi hapa shuleni petu. Mwalimu akitaja kitabu cha hadithi, mara wanafunzi wawili watatu hujibu kwa furaha, "Hicho tumekwisha kukiona." Hawasemi wamekisoma, wasema wamekiona. Maana yake wamekitazama katika televisheni, au katika simu ya kaka wakati wa likizo, nao wadhani ni mamoja. Mimi nasema si mamoja, tena nasema kwamba aliyetazama bila kusoma huweza kunyang'anywa mtu mzima katika hadithi asijue kuwa ameibiwa.

Nitatoa mfano wa kitabu kimoja tu, ambacho babu zetu walikijua sana kwa Kiswahili. Nacho ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwandishi wake ni Mwingereza, H. Rider Haggard, aliyekitoa mwaka 1885. Frederick Johnson akakifasiri, na tafsiri yake ikatoka mwaka 1929. Kimefanywa sinema mara kadhaa, na mwaka 2004 kikafanywa mchezo wa televisheni wa sehemu mbili. Huo ndio wengi wenu mliouona.

Basi na tuanze na Quatermain mwenyewe, mwindaji anayesimulia hadithi. Katika kitabu ni mzee wa miaka 55, mdogo wa mwili, achechemeaye kwa sababu simba alipata kumtafuna mguu. Yeye mwenyewe hukiri kuwa ni mwoga. Anapoombwa kuongoza safari hatoi kifua mbele akasema twendeni. Kwanza apatana bei. Ataka alipwe paundi 500 kabla ya kuondoka, tena iandikwe hati kwamba akifa au akilemaa, mwanawe Harry, anayesomea udaktari London, apewe paundi 200 kila mwaka kwa miaka mitano. Wazazi wanaosoma ukurasa huu watamwelewa mara moja. Huyu ni baba mwenye ada ya kulipa! Aona hakika kwamba safari itamwua, naye aenda kwa ajili ya mtoto.

Katika televisheni nafasi yake ilishikwa na Patrick Swayze, aliyepata sifa kwanza kwa kucheza dansi katika sinema ya mwaka 1987. Kwa umri hakuwa mbali sana na mzee wetu, hilo nakubali. Lakini ni mtu wa kifua kipana, mzuri wa sura, ambaye mtazamaji haogopi hata kidogo kwamba atashindwa. Woga wake umeondoka, na pamoja nao umeondoka ushujaa, kwa maana mtu asiyeogopa hana la kushinda moyoni mwake.

Halafu sababu ya safari. Katika kitabu Sir Henry Curtis amtafuta ndugu yake George. Baba yao alikufa bila kuacha wasia, mali yote ikamwangukia Henry aliye mkubwa, nao ndugu wakagombana. Mdogo akaondoka mikono mitupu kwenda kutafuta bahati Afrika. Kwa hiyo safari nzima ni ya majuto. Ugomvi wa urithi kati ya ndugu, nani kwetu hajausikia? Televisheni imeufuta, na badala yake imemleta bibi mmoja wa Kizungu, Elizabeth Maitland, anayemtafuta baba yake aliyetekwa. Katika kitabu hayumo. Quatermain atuambia tangu mwanzo kwamba wanawake wa maana katika habari zake ni Foulata, na yule ajuza Gagool, ikiwa Gagool ahesabiwa mwanamke.

Foulata ni nani? Ni msichana wa Wakukuana, aliyechaguliwa kuwa mzuri kuliko wote katika ngoma ya mfalme Twala, na kwa ajili ya uzuri huo apaswa kuuawa kuwa sadaka. Aokolewa wakati wa kupatwa kwa mwezi. (Katika chapa ya kwanza lilikuwa jua, Haggard alilibadili baadaye, kwa maana hesabu zake za jua zilimshinda. Kumbe hata mwandishi hubadili!) Kisha kukawa na vita, na Kapteni Good akaugua sana kwa jeraha. Foulata akamwuguza usiku na mchana mpaka akapona. Mwisho wakaingia wote katika pango la hazina, na Gagool akataka kutoroka na kuwafungia humo kwa mlango wa jiwe. Foulata ndiye aliyemkamata akamng'ang'ania, akachomwa kisu, akafa mle pangoni. Gagool naye alichelewa kwa sababu ya mapambano hayo, jiwe likamponda.

Mahali pa msichana huyu ndipo alipokalishwa bibi Elizabeth. Wala watu wa televisheni hawakuanza wao. Sinema ya mwaka 1937 ilitia mwanamke wa Kizungu, na ile ya mwaka 1950, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, ikatia mwingine, na ya mwaka 1985 vilevile.

Najua nitajibiwa kwamba picha lazima ibadili kitabu. Ni kweli. Kitabu cha siku kumi hakiwezi kuenea katika saa tatu, na mawazo ya mtu hayapigiki picha. Tena mchezo wa televisheni ni biashara, watazamaji wapenda mapenzi, na mwigizaji maarufu ataka mwenzi wa kumpenda. Haya yote nayakubali. Lakini mapenzi yalikuwamo tayari! Good na Foulata walikuwa wanangoja tu mtu wa kuwapiga picha. Kama kilichohitajika kilikuwa mwanamke, kwa nini aliyekuwamo afukuzwe apate kuingia mgeni?

Wala sisemi kitabu ni safi. Haggard alikuwa mtu wa wakati wake, na kuna maneno humo yatakayomwudhi msomaji yeyote wa Kiafrika. Hata kifo cha Foulata si cha bure. Mwandishi amwua ili asilazimike kuwaoza Mwafrika na Mzungu, na Quatermain hafichi kwamba aliona afadhali mambo yaishe hivyo. Mimi nilipofika hapo nilikasirika. Lakini nilikasirika kwa sababu Foulata yuko mbele yangu, ana jina, asema, achagua, na Haggard ameacha alama za vidole vyake. Kwa hiyo naweza kubishana naye. Nitabishana vipi na picha ambayo msichana mwenyewe hakupata hata kuzaliwa?

Kuhusu Umbopa nitasema machache. Katika mchezo wa mwaka 2004 yumo, tena aliigizwa na Sidede Onyulo, mwigizaji wa Kenya, na kwa hilo wastahili sifa. Hata hivyo shughuli kubwa ya mchezo ule ni kama Quatermain na Elizabeth watapendana. Katika kitabu Umbopa, ambaye ndiye mfalme Ignosi, anapowaaga wageni asema waziwazi kwamba hatakubali wafanya biashara wavuke milima kuleta bunduki na pombe katika nchi yake. Rafiki zake watatu tu ndio wanaoweza kurudi. Mwaka 1885 ni mwaka uleule mkutano wa Berlin ulipomalizika, na Mwingereza akaandika maneno hayo katika hadithi ya wavulana! Jambo hilo peke yake latosha kuwapa darasa la historia kipindi kizima.

Kwa wale watakaokitafuta kitabu, wasikose kurasa za mwisho. Humo mna barua ambayo Sir Henry amwandikia Quatermain kutoka Uingereza. Ina habari za almasi, na za kijana Harry, na habari moja ya Good. Asema Kapteni bado ana huzuni ya Foulata, na kwamba tangu arudi kwao hajaona mwanamke wa kufanana naye.