GPS ya Vitufe Haina Kosa, Kosa ni Kuiwasha Ukishapotea

Siku hizi kula bata si ufukweni tu. Watoto wa mjini wamehamia milimani. Ikifika wikiendi utaona mapicha: raba mpya, begi mgongoni, mawingu nyuma. Poa sana, mwili unapata mazoezi na macho yanapumzika. Tatizo linaanza pale mtu anapojiandaa kwa ajili ya picha na kusahau kujiandaa kwa ajili ya mlima.

Kuna mdada mmoja, jina kapuni, mwenye wafuasi kibao, alipanda Uluguru na washkaji zake wanne. Walilenga Lupanga, kilele cha zaidi ya mita 2,100 juu ya mji wa Morogoro. Mwenyeji wa kuwaongoza walimkataa, eti bei. Begini kwa mmoja wao kulikuwa na GPS ya mkononi, ile ya vitufe yenye kioo kidogo, aliyoiazima kwa mjomba wake. Wakati wa kushuka ukungu ukatanda, njia ikapotea, simu nazo zikaanza kulia chaji. Ndo GPS ikatolewa begini, mara ya kwanza toka waondoke! Ikaleta namba zinazoanza na S 06 na E 037.

"Sasa kaka, hizi namba ndo njia ya kurudi?" mdada akauliza. Kimya.

Walishushwa saa tatu usiku na kijana wa kijijini aliyesikia kelele zao.

Stori ilipofika mitandaoni, wengine wakasema ni kiki, wengine wakasema kifaa kilikuwa kibovu. Kifaa hakikuwa kibovu. Kiliulizwa wapo wapi, kikajibu. Hakikujibu gari lipo wapi kwa sababu asubuhi hakuna aliyekiambia.

Hapo ndipo wengi wanapochemsha. GPS inaanza kazi unapoondoka. Mtu anasimama sehemu ya wazi kabla ya kuingia msituni, anaiwasha na kuipa dakika chache inase setilaiti. Inahitaji angalau nne ili ijue ulipo na urefu wa mahali hapo kutoka usawa wa bahari. Kisha anahifadhi pale pa kuanzia, anaiacha iwake njia nzima irekodi alikopita. Akipotezwa na ukungu, anaifuata alama ya nyayo zake mwenyewe kurudi. Basi, hamna uchawi.

Kuna watakaosema simu inatosha. Ni kweli simu ina GPS ndani yake, na hiyo haihitaji mtandao kujua ulipo. Kinachohitaji mtandao ni ramani, kama hukuipakua mapema. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo kamera, ndiyo redio, ndiyo tochi. Ikifika saa kumi jioni ipo asilimia tano. Kile kidude cha vitufe kinatumia betri mbili za AA, na mara nyingi kinakesha nazo. Zikiisha, unaweka nyingine zilizonunuliwa dukani kwa Mangi. Na siku ikitokea mtu kateguka mguu, zile namba zilizodharauliwa unazituma kwa ujumbe mfupi ukipata mtandao, na wa kukufuata anajua pa kuja.

Ila tusidanganyane, nacho kina mipaka. Zile za bei ya chini hazina dira ndani, hivyo ukisimama mshale hauaminiki. Tembea hatua kadhaa ndipo ujue unaelekea wapi. Chini ya miti minene au ndani ya bonde inaweza kukosea kwa mita nyingi. Na ukiiambia ikupeleke garini moja kwa moja, inachora mstari ulionyooka kama ndege anavyoruka. Haijui kama katikati kuna korongo. Ndo maana kurudi kwa njia uliyorekodi ni salama kuliko kukimbilia mshale.

Korongo analijua mwenyeji. Anajua njia iliyomomonyoka kwa mvua za juzi, na ukungu ukianza anajua kama ni wa kusubiri au wa kugeuza. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kumkataa mtu wa pale kwa kubana hela, halafu ukatumia hela hiyo hiyo kununua miwani ya kupigia picha, huo si ujanja.

Kwa hiyo wanaopanga kupanda wikiendi hii wabebe vyote: mwenyeji, GPS na betri za akiba. Wajifunze vitufe vyake nyumbani, hata kwa kuzunguka mtaani tu, kutoka mlangoni hadi gengeni na kurudi. Mlimani, kiza kikishaingia, si pahala pa kuanza kusoma maelekezo.

Wadau mnasemaje, mdada alitafuta kiki au alikosa maandalizi?