Tusiwabeze Wapigaji wa Baa

Wako wasemao kwamba bendi ya baa ipigayo nyimbo za wengine ni kundi la kasuku, tena ni aibu kwa utamaduni wa Taifa. Sisi tuliopiga magitaa Butimba mwishoni mwa miaka ya 1980, mbele ya wavuvi na askari magereza, twakataa. Nani aliyezaliwa mtunzi? Muziki wa dansi wenyewe ulikuzwa na vijana waliosikiliza santuri za Kuba, zile za GV, wakazirudia hadi vidole vikazoea. Ndipo baadaye wakatokea NUTA Jazz, mwaka 1964, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro. Nasi tulimwiga Mbaraka. Tulimwiga Franco pia, kwa Kilingala tusichokielewa (walevi hawakudai tafsiri). Kipande kimoja cha gitaa la solo kilitugharimu wiki nzima kando ya redio, maana redio haimngoji mtu. Je, hilo si darasa?

Aibu ya kweli ipo, ila wakosoaji wetu hawaigusi. Mbaraka alifariki mwaka 1979. Nyimbo zake zikaendelea kuuza bia kila Jumamosi, wala mwenye baa hakuulizwa fungu la mtunzi. COSOTA, chombo kilichokuwa cha kuwakusanyia watunzi mirabaha yao, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, miaka 20 baada ya mazishi hayo! Basi kijana aigaye mwacheni na gitaa lake. Swali lenu mpelekeeni aliyekalia sanduku la fedha.