MPINI MSIUTUPE



Katika mkutano wa tawi letu uliopita ilitolewa rai, ikapigiwa makofi, kwamba chama kidai kila kisima cha bomba la mkono kitiwe mota ya umeme, na mabomba ya zamani yang'olewe kwa kuwa ati ni alama ya unyonge. Mimi sikupiga makofi. Aliyekaa ubavuni pangu akaniuliza kama nimeanza kuwapendelea wanaotutawala. La, hasha! Nisemayo nimeyaona kwa macho yangu, Rungwe na hapa kwetu.

Mwaka jana nilikwenda Bara kutafuta mchele wa Kyela, nikalala Tukuyu. Mji ule uko juu milimani, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000. Mtu wa pwani husikia baridi hata mchana. Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, umesimama juu ya watu mfano wa tangi lililojaa. Vijiji vingi vya huko hunywa maji ya mserereko: chemchemi hukingwa juu, maji yakateremka katika bomba kwa uzito wake yenyewe, pasi na mota wala mpini. Sultani Barghash, aliyetawala hapa kwetu kutoka 1870 hadi 1888, alileta maji mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu kwa hikima hiyo hiyo. Walakini si kila kijiji kina chemchemi juu yake. Ukiteremka kuelekea Ziwa Nyasa nchi hutandaa, na huko ndiko utakakokutana na visima vya mkono.

Katika kijiji kimoja cha njia ile, ambacho jina lake silitaji kwa kuwa aibu si yake, nilikuta kisima kilichotiwa mota. Siku ya kufunguliwa, nilivyoelezwa, palikuwa na utepe, ngoma na hotuba. Siku niliyofika mimi palikuwa na kufuli. Umeme wa LUKU ulikuwa umekwisha, na fedha za kununulia mwingine zilikuwa hazijakusanyika. Bibi mmoja, ndoo kichwani, yuaelekea mtoni, alinionyesha mpini wa zamani umeegemezwa nyuma ya banda la kuku. "Huu, mwanangu," akasema, "haukuniomba tokeni hata siku moja."

Yatupasa tuijue kazi yenyewe ilivyo, maana wengi waliopiga makofi hawajapata kulifungua bomba. Mkono hupandisha na kushusha, mota huzunguka. Mtu mzima huvuta kiasi cha mara 40 kwa dakika. Mota ndogo ya kawaida huzunguka kiasi cha mara 1,400. Ukitaka mota iisukume fimbo ile ile ya bomba, hapana budi uweke mikanda na puli za kupunguza mwendo, kisha uweke na kombo la kuugeuza mzunguko uwe kupanda na kushuka. Ukikosea hesabu, fimbo hukatika na mipira ya pistoni hulika upesi. Njia ya pili ni kutumbukiza pampu ya umeme ndani ya kisima, nayo aghlabu hutaka bomba la mkono litolewe. Ndipo mpini unapoishia kwa kuku. Tena liko jambo wasilolisema. Mkono huchoka, na ukichoka kisima hupata kupumzika na maji yake yakarudi. Mota haichoki. Kisima kifupi kikivutwa bila ya kipimo hutoa mchanga, kisha hewa, na pampu ikienda kavu huungua.

Simaanishi kuwa mota ni haramu. Hata kisima cha Zamzam leo huvutwa kwa mota, lakini Saudia imewaweka wataalamu wanaopima maji yake kila wakati. Kisima cha kijiji atakipima nani?

Nchi hii imekwisha kuipita njia hii. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza kuwa ifikapo 1991 kila mwanakijiji wa Bara atapata maji katika masafa ya mita 400. Zikafungwa injini za dizeli. Mafuta yakakosekana, vipuri vikakosekana, injini nyingi zikanyamaza. Ndipo mwaka 1982 mpango wa maji wa mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya, uliotungwa kwa msaada wa Denmark, ulipotanguliza mserereko na bomba la mkono. Huo ndio mpini tunaoambiwa ni unyonge: waliuchagua watu waliokwisha kuunguzwa na injini.

Na sisi wa visiwani, tumesahau upesi namna hii? Mwezi wa Mei 2008 umeme utokao Bara ulikatika Unguja, usirudi hadi Juni. Desemba 2009 ukakatika tena, hadi Machi 2010, miezi mitatu! Pampu za maji zikazimika pamoja na taa. Niliuza mishumaa na madumu kuliko nilivyopata kuuza, na wallahi sikuifurahia faida ile, kwa kuwa mke wangu naye alikuwa kwenye foleni ya kisima cha jirani tangu alfajiri. Kisima hicho kilikuwa cha ndoo na kamba. Cha mtaa wa pili, kilichozibwa kwa saruji na kutiwa mota, hakikumfaa mtu. Waya mpya wa baharini ulizinduliwa 2013, alhamdulillahi. Lakini mwaka 2023 Bara wenyewe walikuwa katika mgao.

Mwenye rai atanijibu: wanawake wateseke mpaka lini? Suala hilo ni la haki, nami silikwepi. Kuvuta maji ni kazi nzito, khasa kwa mja mzito na mzee. Ndiyo maana sisemi mota isije. Nasema ije iukute mpini mahali pake. Kisima kipana kiwe na vyote viwili. Kilicho chembamba, mota ifungwe kwa mkanda unaovulika, umeme ukikatika mpini ushikwe. Na kabla ya utepe waulizwe wachotao: nani atanunua umeme, nani atashika fedha, fundi yuko wapi? Huko Bara sheria ya 2019 imevikabidhi vyombo vya watumia maji kazi hiyo chini ya RUWASA. Jina lipo, lakini jina halinunui tokeni.

Rai itarudi mezani mkutano ujao. Nitaomba maneno ya kung'oa mabomba yafutwe, na mahali pake iandikwe kwamba mpini wowote hautatolewa kabla mota haijafanya kazi mwaka mzima kwa fedha za wachotao wenyewe. Asiyekubali aje dukani tubishane, kahawa ipo.