Freni itakufa, kidole kitabaki



Mara hii sisemi juu ya mbolea wala mbegu ya mahindi. Nasema juu ya kidole gumba. Msicheke kwanza.

Katika koperative moja ya wavuvi ninayoifuata kando ya mto Luapula, upande wa Kasenga, vijana wameanza kuvua kwa fimbo na mulineti. Wanamtafuta manda, yule samaki mkali mwenye meno ya nje, kwa kijiko cha chuma chenye ndobo. Mulineti hizo zinatoka Lubumbashi, nyingi ni za okazyo, na wanazilipa pole pole kwa mkopo wa koperative. Ni kazi nzuri, na mimi naiunga mkono. Lakini kuna mabishano ambayo yamefika mpaka kwenye mkutano: je, mutu atupe na freni, ao bila freni?

Kwa wale hawajaona: kuna mulineti za aina mbili. Ya kwanza, ukitupa, bobina inatulia na uzi unajifungua juu yake. Hata mtoto anaiweza. Ya pili, ile ya bobina ya kulala, ukitupa bobina yenyewe inazunguka, na inazunguka mbio kweli. Hii ina nguvu ya kumvuta samaki mukubwa na inatupa kwa kulenga vizuri, lakini iko na kichwa ngumu. Kijiko kinaporuka, hewa inakipunguzia mwendo. Bobina yenyewe haijui habari hiyo, inaendelea na mbio yake ya mwanzo. Inatoa uzi mwingi kuliko ule kijiko kinachukua, na uzi usiokuwa na pa kwenda unajikunja palepale juu ya bobina, kama nywele za mutu aliyelala mwezi mzima bila kusukwa.

Ndiyo maana watengenezaji waliweka freni: ingine ni ya sumaku, ingine ni vidude vidogo vinavyosukumwa nje na mzunguko na kukwaruza ukingo. Na pembeni kuna kifungo cha kukaza bobina. Lakini mulineti za namna hii zilitengenezwa huko Kentucky, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1800, zamani sana mbele ya freni hizo. Wavuvi wa wakati ule walikuwa na freni moja tu: kidole gumba juu ya bobina.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Kijana mmoja alinipa fimbo yake, akaniambia freni iko zero. Nikatupa kwa nguvu zote, juu ya kujionyesha. Kijiko kilianguka karibu na miguu yangu, na karibu mita 40 za uzi zikawa fundo moja. Tulikaa kivulini mpaka mchana tukifungua, mwisho tukakata. Uzi ule haukuwa wangu, ulikuwa deni la yule kijana.

Basi mutu atasema: kumbe freni ndiyo dawa, tuifunge yote na tusijifunze mengine. Mzee mmoja alimjibu mwenye wazo hilo kwenye mkutano, na mpaka leo sijasikia jibu la kumshinda: "Ile freni ikikufa, utanunua ingine wapi? Batu ba Ulaya banaenda ku duka. Shiye tutaenda wapi?"

Hapo ndipo msimamo wangu. Mulineti ya okazyo mara nyingi inafika kwetu freni yake imechoka tayari: kile kidude cha ndani kimepotea, ao kifungo kimevunjika. Spea ya kitu kama hicho hutaipata sokoni Kasenga, na Lubumbashi utaitafuta siku nzima. Anayejua kutupa kwa freni peke yake, siku inapokufa, yeye pia amesimama. Anayejua kutumia kidole ataendelea kuvua. Ni sawa na mashini ya kusaga na pompe ya maji: chombo bila ufundi wa mkono ni mgeni, siku moja kitaondoka.

Lakini sikubaliani pia na vijana wanaofikiri kutupa bila freni ni ushujaa. Hiyo ni mwisho wa njia, si mwanzo. Njia yenyewe ni hii.

Anzia nchi kavu, kwa uwanja wa mpira, si kando ya maji penye mamba. Ondoa ndobo, funga ekru ya chuma. Kaza kifungo cha pembeni mpaka ekru ishuke pole pole, na ikigusa udongo bobina isimame. Weka freni yote. Tupa kwa mkono laini unaoongeza mwendo kidogo kidogo, usirushe kama jiwe la kufukuza mbwa. Kidole kiguse uzi kwa wepesi tu, na mbele kidogo ya ekru kuanguka, kikandamize, bobina isimame kabisa. Ukitupa mara kumi bila fundo, punguza freni alama moja. Fundo likirudi, rudisha. Siku ya upepo wa usoni, hata fundi anaongeza freni, na hakuna aibu.

Na hila mbili za kuokoa uzi. Ukishavuta uzi wa kutosha kutupa mbali, bandika kipande cha skochi juu ya uliobaki, ndipo urudishe: fundo halitapita pale. Na fundo likija, usivute kwa hasira. Kandamiza bobina kwa kidole, zungusha mkono wa mulineti mara mbili tatu, kisha vuta taratibu. Mengi yanafunguka yenyewe. Yasiyofunguka, kata na upeleke nyumbani. Uzi uliotupwa mtoni unanasa ndege na samaki bure.

Kwa nini nasumbua watu na mambo ya kidole? Juu ya deni. Kijana aliyepoteza uzi mara tatu analipa kitu ambacho hakimpi samaki. Akichoka, atarudi kwenye mustikeri kati ya matete, atakokota vitoto vya samaki. Luapula tayari imetufundisha. Mpumbu alikuwa anapanda mto kutaga mayai wakati wa maji mengi, na nyavu zilimngoja njiani. Samaki wake walilisha kambi za wafanyakazi wa migodi mpaka hapa Lubumbashi. Kufika miaka ya 1950 alikuwa amekwisha kupungua vibaya. Leo kijana wa Kasenga anamjua kwa hadithi ya babu.

Kwa hiyo naomba kila komite iandike sheria moja katika kitabu chake: hakuna mkopo wa mulineti ya bobina ya kulala kwa mutu ambaye hajatupa mara kumi uwanjani, mbele ya wenzake, bila fundo. Asiyeweza bado, achukue ile nyepesi ao uzi wa mkono, na aendelee kujifunza jioni. Mazoezi yanaomba ekru moja na saa moja, haiombi franga.